Mchanga Uliorudishwa Jorodom

Mara ya kwanza Wolfgang kujaribu kufanya biashara na Gaudensia, aliondoka shambani kwake bila kiazi hata kimoja.

Alikuwa amepanda kijiji cha Gitting asubuhi, ukungu bado umeulalia mlima, akiwa na gari la kukodi, magunia matupu na kamba za kushonea. Wakati huo alikuwa kijana wa Dongobesh aliyeanza kwa kuuza vitunguu swaumu kwenye ndoo stendi ya mabasi, na ndiyo kwanza anaingia kwenye viazi. Alinunua kama walivyonunua wenzake wote: gunia linajazwa, linaongezewa kilemba cha viazi juu, linashonwa kwa kamba, na mkulima analipwa gunia moja. Lumbesa. Wakulima walinung'unika, wakauza. Gaudensia hakunung'unika. Alilishika gunia kwenye ukingo akasema, "Gunia lina mdomo, kijana. Viazi vikifika hapa, limejaa."

"Mama, ndivyo soko linavyotaka."

"Ukienda hotelini ukaagiza wali, unamwambia mwenye hoteli akushonee sahani nyingine juu kwa kamba?"

Wanawake waliokuwa wakichambua viazi walicheka mpaka mmoja akalazimika kukaa chini. Wolfgang alikunja magunia yake akaenda kwa jirani. Huko alipata lumbesa zake bila ubishi. Lakini alipofungua gunia moja kulikagua, akakuta chini viazi vidogo kama kokoto na vingine vimekatwa na jembe. Mkulima anayejua ataibiwa juu, anajilipa chini. Wolfgang si mtu wa huruma, ila hesabu anaijua. Jioni ile ile alirudi kwa Gaudensia, akamwamkia shikamoo vizuri zaidi kuliko asubuhi, akanunua magunia yaliyoishia mdomoni. Sokoni Arusha wateja walimaliza viazi vile kwanza. Tangu hapo kila msimu alianzia kwake.

Hivyo ndivyo alivyomfahamu: kwa kushindwa naye. Mengine aliyasikia kidogo kidogo, akisubiri gari lipakiwe. Gaudensia alifiwa na mume watoto wakiwa wadogo, akalima viazi na ngano, akafuga ng'ombe wachache wa maziwa, akaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia. Mwanawe wa kwanza, Emilian, alimzaa njiani, kwenye mteremko wa kwenda Katesh, mvua inanyesha, kwa sababu zahanati ya kijiji ilikuwa na chumba kimoja cha kutolea dawa na hakuna mahali pa kuzalia. Habari hiyo aliieleza kama mtu anayeeleza pancha. Lakini kila mkutano wa kijiji uliofika kwenye mengineyo, alinyoosha mkono akauliza wodi ya wazazi itajengwa lini. Wenyeviti walibadilika, swali halikubadilika.

Siku fedha za wodi zilipokuja, kijiji kikakutana kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Afisa mtendaji wa kijiji, Evarist, mtu wa Kasulu ambaye bado alivaa makoti mawili kwa baridi ya Gitting, alieleza utaratibu. Hakutakuwa na mkandarasi. Kijiji kingejenga chenyewe kwa fundi wa kuajiriwa, wananchi wachangie nguvu kazi, na kamati zichaguliwe. Moja ya kununua, moja ya kusimamia ujenzi, na moja ya mapokezi, ambayo kazi yake ni kusimama pale gari linaposhusha na kusema hiki kinapokelewa, hiki hakipokelewi.

"Mapokezi mpeni mama Emilian," mzee mmoja alisema kutoka nyuma. "Kubishana anabishana hata akiwa peke yake shambani. Bora alipwe sifa."

Walicheka, wakampitisha. Wolfgang, ambaye sasa alikuwa na Fuso tipa lake mwenyewe, alipata kazi ya kuleta mchanga na kokoto, na aliposikia nani anapokea, alijipongeza. Mtu unayemfahamu ni nusu ya biashara. Alimpigia simu jioni ile kumsalimia.

"Marahaba," Gaudensia alisema. "Ila tajiri, kwenye saiti tusijuane."

Na hawakujuana. Tripu ya kwanza Gaudensia alipanda kwenye tairi, akachungulia ndani, akaomba beleshi na kumfanya utingo asawazishe mchanga ndipo aone umefika wapi kwenye bodi. Wolfgang alisimama pembeni akitafuna kijiti, hajui akasirike au acheke.

Sasa, mchanga ule. Hapa lazima isemwe wazi, maana ndipo jambo lote lilipoanzia. Desemba iliyotangulia, mlima ulikuwa umeshusha tope, mawe na miti juu ya Katesh na vijiji vya kandokando. Watu walikufa. Miezi ikapita, barabara zikafunguliwa, na chungu za mchanga zikabaki kila mahali, nyingine kwenye viwanja vya watu. Wolfgang aliona wengine wanaona taabu, yeye akaona mchanga. Kule Jorodom, palipofunikwa na tope lile, walifurahi kuondolewa mzigo, hawakumtoza hata senti. Aliweka vijana wa kuuchekecha na kuuosha, mhandisi wa wilaya akauangalia, akaufikicha mkononi, akasema unafaa. Na kweli ulifaa. Ulikuwa safi kuliko mchanga mwingi wa makorongo, na ulikuwa karibu, wakati mchanga wa njia ya Basotu ulikuwa safari ya kula dizeli.

Tripu mbili zilishushwa, kuta zikaanza kupanda. Ya tatu Wolfgang alikuwa na haraka. Fundi alikuwa analia mchanga umekwisha, vijana wa chekeche walikuwa wamekwenda msibani, naye akaamuru ipakiwe vile vile ilivyo. Gaudensia alipanda kwenye tairi, akaona mchanga umesawazishwa, akaupokea.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kitongoji cha Juu. Msaragambo wa Gitting, kazi ya pamoja ya kijiji, una taratibu zake. Kila kitongoji kina siku yake, wanaume huja na sululu na mawe, wanawake huja na ndoo, maji kichwani asubuhi na mchanga mchana, na kila kitongoji hukesha kikisema kile kingine ni kivivu. Siku ile walikuja wengi, mizaha mingi. Zita, mke wa Emilian, alikuwepo pia, tumbo limefika mbele, akakatazwa ndoo, akapewa kazi ya kuangalia sufuria ya makande.

Mwanamke mmoja alichota beleshi la mchanga, akasimama. Akaweka beleshi chini, akainama, akatoa kitu, akakikung'uta. Ilikuwa sweta ya mtoto, ya kufuma kwa mkono, ndogo, yenye kifungo kimoja.

Hakuna aliyepiga kelele. Mizaha ilikatika tu. Wanawake waliinama kwenye ndoo zao, wakamwaga mchanga waliokuwa wamechota pale pale, wakazikung'uta vizuri. Mmoja alimshika Zita mkono akamwondoa jikoni akampeleka nyumbani kwa njia ya nyuma, mbali na lundo. Kisha wote wakaondoka. Makande yakabaki motoni.

Wolfgang alipofika, ameitwa na Evarist kwa simu, alimkuta fundi amekaa juu ya tofali na Gaudensia amesimama kando ya lundo, sweta ameikunja kwenye kitenge.

"Hii ni aibu yangu," Wolfgang alisema kabla hajaulizwa. "Tripu ya tatu haikuchekechwa. Naiondoa leo. Zile mbili zimechekechwa, mhandisi amezipitisha."

"Mhandisi hazai hapa," Gaudensia alisema.

"Mama, mchanga ni mchanga."

"Wewe ni mtu wa Dongobesh au nimesahau?"

Wolfgang alijua anakopelekwa. Bibi yake alikuwa amemsimulia: zamani kwa Wairaqw nyumba iliyofiwa ilikaa peke yake mpaka muda wake uishe. Haikuazima jembe wala kuazimwa, haikuomba moto kwa jirani, na mwanamke mwenye mimba hakupita hata njia ya mlango wake. Cha msiba hakiingii penye uzazi. Watu wa siku hizi wamebatizwa, wanasomesha, wana simu, na msibani wanapika pilau. Lakini wodi ya wazazi ni kitu kingine, na kila mwanamke wa Gitting alikuwa na bibi.

"Sisi ni Wakristo," alisema, akijua hoja yenyewe ni nyepesi.

"Ndiyo. Jumapili utanikuta kwaya. Leo ni Jumanne, na mimi nataka kinamama wabebe maji."

Evarist aliingilia. Alikuwa amevua koti moja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Mama Emilian, nisikilize na mimi. Mwezi ujao mwaka wa fedha unafungwa. Wakija kukagua wakakuta kuta hazijafika kwenye lenta juu ya madirisha, fedha iliyobaki inarudi. Ikirudi, mimi nimewahi kuona kule nilikotoka, hairudi tena. Mnataka gofu? Tuwaelimishe kinamama, basi. Tuitishe mkutano, mhandisi aje aeleze."

"Ataeleza, nao watamsikiliza kwa heshima, watampigia makofi," Gaudensia alisema. "Halafu watakwenda kujifungulia Katesh. Au njiani. Mtakuwa na wodi nzuri sana ya kufugia popo."

Hatari yenyewe ilikuwa hiyo, na wote watatu waliiona: wodi aliyoiulizia miaka yote ingeweza kukosekana kwa njia mbili, kwa kutojengwa, au kwa kujengwa bila mtu kuingia. Gaudensia angekuwa wa kwanza kupata faida kama angenyamaza. Mke wa mwanawe alikuwa na mimba kubwa. Wolfgang alitegemea hilo, akalitaja hata, kwa sauti ya chini. "Fikiria Zita, mama."

"Ndiye ninayemfikiria."

"Kwa hiyo unataka nini? Sema bei yako."

Alipouliza hivyo, Gaudensia alikaa juu ya ndoo, na Wolfgang akajua sasa wameanza biashara.

Mchanga wote uondoke, alisema, na kozi za tofali zilizokwisha kujengwa kwa mchanga ule zibomolewe mpaka kwenye msingi wa mawe, hazikuwa nyingi. Mchanga mpya utoke korongo la njia ya Basotu.

"Na dizeli? Na wapakiaji? Kule vijana wanadai kama wanapakia dhahabu."

"Wapakiaji ninao."

"Unao wangapi?"

"Kijiji."

Wolfgang alimtazama. Gaudensia akaendelea taratibu, kama anayehesabu matuta ya viazi. Vitongoji vitapokezana zamu kama kawaida, ila badala ya kubeba mchanga hapa, watapanda Fuso wakachimbe na kupakia kule. Wolfgang atalipwa kila tripu kama mkataba wake unavyosema. Dizeli itaongezeka, ujira wa wapakiaji utatoweka. Atakachopoteza ni tripu tatu alizokwisha leta, na hizo hazitapokelewa.

"Zilishapokelewa. Ulizipokea wewe mwenyewe."

"Nilipokea mchanga. Sikupokea sweta."

Wolfgang alizunguka lundo mara moja. Kichwani alikuwa anapima, na alichopima kilikuwa kibaya lakini si kibaya sana. Akataka chake. "Sawa. Ila nami nina sharti. Kamati mnakuja kukagua kule kule korongoni. Mkikubali nipakie, nimepakia, na nikifika hapa hakuna wa kupanda kwenye tairi kunirudisha. Sitaki kubebeshwa mchanga kwenda na kurudi kama mwehu."

Gaudensia alifikiri. Hilo hakuwa amelitegemea, na ilionekana lilimpendeza. "Hata jiwe moja liwe limekaguliwa kabla halijapanda gari. Nimekubali. Ila kusawazisha kunabaki."

"Kusawazisha kunabaki," Wolfgang alisema, akampa mkono.

Mchanga wa zamani uliondolewa na wanaume, wanawake hawakuugusa. Tatizo likawa pa kuumwaga. Huwezi kumwaga tripu tatu kando ya barabara. Wolfgang akaamua urudi ulikotoka, na Gaudensia akapanda kiti cha mbele na kitenge chake mapajani, akisema kuna kitu cha kurudisha.

Kule Jorodom walimkuta Hilaria, mama ambaye kiwanjani kwake ndiko Wolfgang alikochotea mchanga mwanzo. Nusu ya nyumba yake ilikuwa imesimama, nusu nyingine alikuwa anaijenga upya. Waliamkiana, wakapeana pole, kisha Gaudensia akafungua kitenge.

Hilaria aliigeuza ile sweta, akatazama ufumaji wa mkono. "Si ya kwangu. Wa kwangu walikuwa wakubwa." Akaitia majini, akaisugua, akaikamua, akaitundika kwenye ua wa mbele unaotazama barabara. "Mwenyewe akipita, ataiona." Kisha akaligeukia gari. "Na huo?"

Wolfgang alieleza kwa kuzungukazunguka. Hilaria alisikiliza mpaka mwisho.

"Wamesema vyema," alisema. "Wanaotaka kuzaa wasiletewe haya. Mwageni hapa, nina ukuta wa kumalizia."

"Wewe huoni vibaya?" Wolfgang aliuliza.

"Nione vibaya nini? Shamba langu lilikuwa kule juu. Mchanga huu umetoka shambani kwangu ukanifuata mpaka mlangoni. Mimi ndiye mfiwa. Mfiwa hakatazwi vyake."

Wolfgang, kwa mazoea tu, alianza kusema kitu kuhusu gharama ya kuuosha. Gaudensia hakumgeukia. "Tajiri, ulichukua bure hapa hapa tulipo."

"Nilikuwa nauliza tu."

"Haya, umeshauliza."

Hilaria alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu wafike, akaingia ndani akatoka na maziwa mgando kwenye vikombe. Walikunywa wamesimama, tipa likinyanyuka nyuma yao. Wolfgang amewahi kusema kwamba katika mizigo yote aliyoshusha maishani, huo ndio pekee ulioshuka bila faida na bila kumuuma. Alisema hivyo mara moja, kisha akabadilisha mazungumzo.

Basotu walikwenda kila siku isipokuwa Jumapili. Vitongoji vilishindana, Juu wakisema Bondeni wanachimba kama wanaokuna mgongo, Bondeni wakijibu kwamba Juu wanaimba sana na mabeleshi yao hayana jasho. Kibanda cha ugoro cha Basotu kiliwauzia wachimbaji kuliko kilivyouza mwaka mzima. Asubuhi moja Zita alishikwa na uchungu gari likiwa ndiyo linataka kuondoka. Walimweka mbele kati ya Wolfgang na Gaudensia, wachimbaji nyuma wakanyamaza kwa adabu njia nzima, na wakamshusha hospitali ya Katesh kabla ya kuendelea na safari ya mchanga. Alizaa msichana mchana ule ule. Gaudensia alibaki naye, na siku hiyo mchanga ulikaguliwa na wajumbe wengine. Walifanya kazi polepole kwa kumwogopa hata akiwa hayupo.

Wakaguzi walipokuja, kuta zilikuwa zimepita lenta na fundi anapanga mbao za kenchi za paa. Fedha haikurudi. Wodi ikaezekwa, ikapigwa lipu, ikapata vitanda, na kinamama wakaanza kuja, kwanza wa kitongoji cha Juu, kisha wote. Wanaingia bila kutazama nyuma.

Ukitaka kujua nani alipata nini, Wolfgang ameshapiga hesabu, maana hawezi kuacha kitu bila kukipigia hesabu. Alipoteza malipo ya tripu tatu, kazi ya kuosha mbili kati ya hizo, na springi moja ya Fuso iliyokatika kwenye mawe ya Basotu. Alipata desturi ya kukaguliwa mchanga ukiwa bado ardhini. Kamati za vijiji vingine, mpaka upande wa Mbulu, zilisikia kwamba yuko mtu wa namna hiyo zikamtafuta, na leo ana gari la pili. Anajua nani alimpa. Kila anapopanda Gitting hupita kwa mama Emilian kwanza, hata kama hana cha kununua, akamwamkia na kumshukuru kwa maneno yale yale mpaka mama huyo amechoka kuyasikia. "Kaa unywe chai," humwambia, "shukrani zako zinaniharibia siku."

Gaudensia alipoteza viazi vya msimu ule. Magugu yalivimaliza akiwa korongoni, akavuna visivyofika nusu, na mbegu za msimu uliofuata alizinunua kwa Wolfgang kwa bei ya sokoni, baada ya kubishana asubuhi nzima na kukataa kupunguziwa kwa sababu ya urafiki. Akapata wodi ambamo mkwewe hakuzalia na yeye mwenyewe hatazalia. Ukimuuliza, anasema anamshukuru Mungu na kitongoji cha Juu, kwa mpangilio huo, na kwamba nyumba ya mganga wa zahanati nayo inahitaji paa.